Wawili Waingie, Mmoja Atoke

Lau korongo wangejua kuhesabu, Letisia binti Simoni asingempenda mwanamume yule. Lakini korongo hawajui kuhesabu hata mpaka mbili, na huko ndiko mambo yote yalikoanzia.

Ukitaka kumpiga picha ndege wa mwituni kwa karibu, hujifichi peke yako. Ndege amekuona ukiingia kwenye kibanda cha nyasi, na maadamu hajakuona ukitoka, hasogei. Atakaa mbali kutwa nzima amekukodolea macho. Kwa hiyo mnaingia wawili. Mmoja anabaki na kamera, mwingine anatoka na kwenda zake waziwazi, tena avae nguo ya rangi kali aonekane vizuri. Ndege anamsindikiza kwa macho yule anayeondoka, anaona watu wamekwenda, anashuka kula. Na mchana ukipita, yule yule aliyeondoka anarudi kumtoa mwenzake. Aliye ndani hatoki mwenyewe. Akitoka mwenyewe ndege watajua kwamba kibanda kile huwa kina mtu, na mahali hapo pameharibika kwa msimu mzima.

Letisia ndiye aliyekuwa anatoka. Vuli ya mwaka sabini alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni pale Mikumi, na Ulimboka Mwaisaka alikuwa mpangaji wa chumba cha mwisho, kijana mrefu wa Tukuyu, mpole wa maneno, mwenye kamera mbili shingoni. Ofisi yake ya Dar es Salaam ilimtuma kupiga picha ndege wageni, wale wanaoikimbia baridi ya Ulaya na kuteremka kwetu mvua za vuli zinapoanza. Ulaya ya Wazungu, ilimbidi aeleze kila mara, maana ukimwambia mtu wa Kilosa kwamba ndege wametoka Ulaya, anadhani unasema kijiji chetu cha Ulaya, na anashangaa safari fupi hivyo inatangazwa ya nini. Askari wa hifadhi waliona kazi ya kutoka kibandani ni utoto. Letisia akaikubali kwa ajili ya kucheka tu.

Mwanzoni alicheka kweli. Kisha asubuhi moja, akiwa anaondoka na kanga yake nyekundu katikati ya mbuga ya Mkata, alijikuta anatembea kwa madaha kidogo, na alipojiuliza madaha yale anamfanyia nani, ndege au mtu, akajua kwamba amenasa. Kuondoka ukijua kuna macho mgongoni mwako, kurudi ukijua kuna mtu hawezi kunyanyuka mpaka wewe ufike. Niambieni, mwanamke gani asingelainika? Ulimboka naye alikuwa na maneno yake ya kila alfajiri, aliyokuwa akimnong'oneza kabla hajamwachia mkono. Alikuwa akisema, "Wewe ndiye mlango wangu. Usiporudi nitazeekea humu." Letisia alikuwa akiyabeba maneno hayo mpaka jikoni na kuunguza nayo maharage ya wageni.

Katikati ya mwaka uliofuata Ulimboka alipanda treni mpaka Munisagara, ambako Mzee Simoni, baba yake Letisia, alikuwa akifanya kazi katika gengi la reli. Akajieleza kiume. Mzee Simoni akafurahi hata akamwita mkwe papo hapo mbele ya gengi zima.

Hapo ndipo penye kosa. Kwao Ulimboka, baba akishasema ndiyo, mambo yamekwisha, zimebaki ng'ombe na siku. Kwa akina Letisia mtoto ni wa upande wa mama. Baba anapewa heshima zake na paja la kuku, lakini neno la kumwoza binti lina mwenyewe, na mwenyewe ni mjomba. Letisia alimweleza. Alimweleza zaidi ya mara moja, na Ulimboka aliitikia huku anafuta lenzi.

Msimu huu wa pili mvua zilichelewa Mikumi. Mbuga ilibaki kavu, na korongo walipita juu kwa juu bila kushuka. Ulimboka akawa hali, halali. Alikuwa akimtafuta korongo mwenye pete, kwa maana wataalamu wa huko watokako huwavika baadhi yao pete ya bati mguuni, yenye namba, ili ijulikane wamefika wapi. Picha ya namba ile, ikisomeka, ingemjengea jina. Letisia akamwonea huruma. Akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu asiye wa kwao: kwamba bondeni Kisanga, kwenye shamba la mjomba wake Anselmi, kuna kinamasi kisichokauka, na korongo hushuka pale mpaka bonde linakuwa jeupe.

Siku Ulimboka alipokwenda kuomba ruhusa kwa mjomba, Letisia, ambaye alikuwa amechukua likizo ya jikoni na kurudi kwa mama yake Kisanga, alikuwa amekwenda Kilosa kusagisha mahindi. Aliporudi alimkuta anakata nyasi za kibanda huku anapiga mluzi. Alimwambia mzee amewapa bonde msimu mzima. Letisia alipotaka kujua kama walizungumza mengine, akajibiwa kwamba mengine yatazungumzwa kazi ikiisha. Mpenda mtu huridhika upesi, na Letisia aliridhika, akashika panga akamsaidia kukata.

Basi Jumamosi moja ya Novemba, Letisia alimwingiza Ulimboka kibandani kabla jua halijachomoza, akatoka na kanga yake, akapanda mteremko mpaka nyumbani akiwa na furaha zake. Alimkuta mama yake, Raheli, ameketi nyuma ya jiko ananyonyoa kuku. Wawili walikuwa tayari wamechinjwa na wa tatu alikuwa amefungwa miguu anangoja zamu yake.

"Mama, wageni gani hawa wa kuku watatu?"

Raheli hakuinua uso. "Wa kutoka Kilosa. Watu wa Kasiani."

Letisia alimjua Kasiani, fundi wa mashine ya kusaga, mtu mzima wa heshima zake aliyefiwa na mke. Alimjua pia kwa jinsi alivyokuwa akimpimia unga na kusahau kuangalia mizani. Akacheka. Alisema wageni watakula kuku na kurudi mikono mitupu, maana yeye ana mtu wake, na baba anajua, na gengi zima la Munisagara linajua.

Mama yake aliendelea kunyonyoa. Manyoya yalimshika vidoleni, akayapangusa kwenye kanga, akaanza tena. Letisia akaacha kucheka.

"Mtu wako aliulizwa, Leti," Raheli alisema hatimaye.

"Aliulizwa nini?"

"Siku ile alipokuja kuomba kinamasi. Kaka alikaa naye barazani, na Mzee Lazaro wa jirani alikuwepo, na mimi nilikuwa nimewaletea maji ya kunywa. Kaka akamwuliza kama ana neno na wewe."

Letisia alilijua swali hilo. Katika ukoo wao mjomba huliuliza mara moja tu, mbele ya watu. Mwanamume akisema ana neno, ataambiwa alete wazee wake. Akisema hana, basi, binti yuko huru na mwingine anaweza kukaribia. Bado alikuwa na uhakika wa jibu.

"Akasema hana," mama yake alisema.

"Hakuelewa. Mama, yule ni mtu wa Tukuyu, hajui mambo yetu."

"Kaka naye alifikiri hivyo. Akamwuliza tena, safari hii akakutaja kwa jina. Letisia wetu, una neno naye? Akasema, huyo ni msaidizi wangu wa kazi tu, mzee. Ananisaidia na ndege."

Kuna maneno yakikuingia hupati hata pa kuyaweka. Letisia alikaa chini juu ya gogo la kuni. Msaidizi wa kazi tu. Aliona mikono yake imeshika ukingo wa kanga nyekundu, ile aliyoivaa ili aonekane vizuri, akaionea aibu kanga yenyewe. Tangu siku hiyo ya barazani alikuwa ameshuka na mwanamume yule bondeni kila alfajiri, ameshikwa mkono gizani, ameambiwa yeye ndiye mlango. Na jioni amemtoa, na njiani amebebeshwa kamera.

"Na wewe ulisikia ukanyamaza," alimwambia mama yake.

"Nilinyamaza." Raheli aliweka kuku chini. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Kila nikitaka kukwambia nakuona umejifunga hiyo kanga, unachekacheka peke yako. Nikasema leo nimwache. Kesho nikasema hivyo hivyo. Nisamehe, mwanangu. Kaka alipopokea ujumbe wa kina Kasiani sikuwa na la kumwambia, maana masikio yangu yalikuwa shahidi."

 Letisia aliinuka, akanawa uso, akaenda kwa mjomba.

Mzee Anselmi alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake juu ya mwinuko, mahali ambapo bonde lote huonekana, akichonga mpini wa jembe. Redio ilikuwa pembeni yake inaeleza habari za pamba, naye alikuwa akiijibu. Alikuwa mtu wa kununa usoni. Watoto walimwogopa mpaka walipogundua kwamba uso wake ndivyo ulivyo hata akifurahi, na wageni wengi waliondoka kabla hawajapata nafasi ya kugundua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

Letisia alipiga magoti pembeni ya kigoda chake. Aliuliza bila kuzunguka, maana hakuwa na nguvu za kuzunguka: "Mjomba, ulimtisha?"

Mzee Anselmi alizima redio. Alielewa mara moja anaulizwa habari za nani. "Nimtishe kwa lipi?"

"Labda ulimwambia akisema ananitaka humpi bonde."

"Bonde?" Mzee alimtazama kana kwamba amesema jambo la lugha nyingine. "Bonde ningempa tu. Wale korongo wananilia viwavi na panzi, mahindi yangu yanapona kwa ajili yao. Mtu akitaka kuwapiga picha namkatalia kwa sababu gani? Ningempa bonde na chai juu yake." Alichonga kidogo, akaacha. "Nilimwuliza kwa sababu nilikuwa nimeshaona. Nina macho. Nilingoja aseme ana neno ili nimkaripie kidogo, nimwambie mbona anaanzia Munisagara wakati sisi wenyewe tuko hapa, kisha nimwambie alete wazee wake. Maneno ya kumkaripia nilikuwa nimeyapanga usiku kucha. Yakaniishia mdomoni."

Ingekuwa siku nyingine Letisia angecheka. Siku hiyo alianza kulia, na mjomba wake, ambaye hakujua la kufanya na mtu anayelia, aliugeuza mpini huku na huku mikononi.

"Sikiliza," alisema. "Mimi Kasiani sina ubaya naye, lakini sikuozi kwa nguvu. Wageni wanafika mchana. Kama wewe unaona kwamba kijana yule ana neno na alikosea kulificha, mlete aje alitamke hapa mbele yangu na Lazaro, kabla wageni hawajakaa. Nitawaomba radhi, watakula kuku, wataondoka bila kinyongo. Wakishakaa na kusema lililowaleta, siwezi tena kuwatoa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi nenda kamwite."

Letisia alishuka bondeni nusu akikimbia. Njiani alikuwa akimtetea. Alijiambia kwamba Ulimboka aliuona uso wa mjomba akaogopa, kama wengi walivyouogopa. Alijiambia kwamba neno lililosemwa kwa woga linaweza kufutwa kwa ujasiri, na kwamba akitoka sasa, akapanda naye mteremko huu mbele ya watu na kusema lililo moyoni mwake, yeye Letisia atalisahau lile la barazani. Hatalisahau leo, lakini atalisahau. Kitu kimoja tu ndicho alichokitaka, atoke.

Bonde lilikuwa jeupe kama alivyomwahidi. Korongo walikuwa wengi kuliko siku zote, wamesimama majini na kwenye majani, wanatembea kwa hatua zao za wakubwa, wanagonganisha midomo. Mbayuwayu walikuwa wakipita chini chini juu ya maji. Korongo walipomwona walisogea kidogo kumpisha, halafu wakatulia, maana kanga ile walishaizoea. Aliinama akaingia kibandani.

Ndani palikuwa na joto na harufu ya nyasi mbichi. Ulimboka alikuwa amepiga magoti nyuma ya kamera yenye lenzi ndefu, shati limelowa jasho mgongoni. Aligeuka na uso uliojaa furaha, akamshika mkono akamvuta chini.

"Umewahi," alinong'ona. "Inama. Yule wa kushoto karibu na tope, unamwona? Ana pete. Ana pete, Letisia. Bado mguu wenyewe hajaugeuza, namba haijasomeka. Akigeuka tu nimempata."

"Mjomba alikuuliza nini siku ile?"

"Polepole."

"Nimesema polepole. Alikuuliza nini?"

Furaha ilimtoka usoni taratibu. Alitazama chini, kisha akatazama kamera, kisha akamtazama yeye. "Nani kakwambia?"

Letisia alikuwa amekuja na tumaini kwamba atasema si kweli. Hata uongo angeupokea kwa dakika moja ile. Alisema, "Mama yangu ndiye aliyekupa maji ya kunywa. Alikuwa amesimama hapo uliposema mimi ni msaidizi wako wa kazi tu."

"Yalikuwa maneno tu, Letisia." Alikuwa bado ananong'ona. Wote wawili walikuwa wananong'ona, magoti yao yakigusana, na huo ndio ugomvi wao mkubwa kuliko yote waliyowahi kugombana. "Mzee alikuwa amenuna vile. Ningesema nakutaka angenifukuza na kamera zangu, na msimu ndio huo umekwisha. Nikampa jibu la kumtuliza. Baba yako alishanikubali. Kwetu mjomba huja kula harusi kama wageni wengine."

"Hapa si kwenu. Nilikwambia."

"Uliniambia, nikaona ni mambo ya wazee tu." Alimshika mabega. "Nilimfanya kama tunavyowafanya hawa ndege. Aone mtu ameondoka, atulie. Lakini mimi nilikuwa ndani bado. Moyoni mwangu sikuondoka hata siku moja, naapa."

Letisia alimjua vya kutosha kujua kwamba anasema kweli. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kama angekuwa hampendi, angemtukana na kwenda zake. Lakini mtu huyu alikuwa anampenda, na bado alipoulizwa achague, alichagua upesi, kwa sauti ya kawaida, huku anakunywa maji.

"Angekupa vyote viwili," alisema.

"Nini?"

"Mjomba. Angekupa bonde hata ungesema ndiyo. Hakuna aliyekuomba unikane. Uliniuza bila mtu yeyote kuja kununua."

Ulimboka alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi, na Letisia, hata katika hali ile, alitamani kumpangusa. Aliikunja mikono yake ndani ya kanga isije ikamsaliti.

"Bado kuna nafasi," alisema. "Wageni wanakuja leo kunichumbia. Mjomba amesema ukifika kabla hawajakaa, ukasema una neno, inatosha. Nyanyuka twende."

"Sasa?"

"Sasa hivi."

Ulimboka alitazama kwenye tundu la kibanda. Hakutazama kwa muda mrefu, lakini Letisia aliyahesabu yote yaliyopita usoni pake.

"Nikitoka sasa wataruka wote," alisema. "Wakishaniona nikitoka hawarudi tena hapa. Yule mwenye pete nimemngoja misimu miwili. Letisia, nisikilize. Nipe muda mchache tu, wakishakula wataondoka wenyewe, nitakuja mbio mpaka kwa mjomba, nitapiga magoti mbele ya yeyote unayemtaka. Tangulia. Waambie nakuja."

"Wageni hawatangoja."

"Wazungumzishe. Wewe unajua kuzungumza." Alimpapasa shavu. Kisha akasema, kwa upole ule ule aliokuwa nao siku zote, "Ila pita pembeni, mpenzi, kama kawaida. Polepole, wasishtuke."

Letisia alimtazama kwa muda. Alitaka kuujua vizuri uso ule, kwa sababu aliona kwamba hatautazama tena kwa karibu hivyo. Alitaka kumwuliza kama amejisikia alichosema. Hakuuliza. Aliinama akatoka.

Hakupita pembeni. Njia ya pembeni ilikuwa kushoto, juu ya udongo mkavu, imekwisha kuchongeka kwa nyayo zake mwenyewe. Aliiacha. Alikwenda moja kwa moja kwenye maji, katikati ya korongo, kanga imelowa magotini, hajali. Wa kwanza walirudi nyuma. Kisha mmoja akafungua mabawa, na wa pili, na baada ya hapo bonde zima liliinuka kwa mvumo uliomfanya asimame. Walikuwa juu yake, mbele yake na pande zote, weupe na weusi, miguu yao mirefu myekundu inaning'inia maji yakichuruzika. Yule mwenye pete alikuwa mmoja wao na hakuna aliyejua ni yupi.

Basi sasa hakuna kilichobaki, alijiambia. Ndege wamekwenda. Hana tena cha kungojea mle ndani. Alisimama pale pale, maji yakimfika magotini, akiwa amempa kibanda kisogo. Alingoja kusikia nyasi zikisukumwa. Alingoja kusikia jina lake likiitwa kwa sauti kubwa, sauti ya mtu asiyejali tena nani anashtuka. Angemsamehe. Hata wakati ule, hata akija na hasira za ndege wake, angemsamehe.

Nyuma yake kamera ililia. Ikanyamaza kidogo, muda wa mtu kuvuta filamu kwa kidole gumba, ikalia tena. Ikalia tena. Alikuwa anapiga picha: korongo wote wa bonde wakipaa kwa pamoja, na mwanamke wa kanga nyekundu amesimama katikati yao. Lazima ilikuwa picha nzuri. Letisia aliisikia ikilia mpaka filamu ilipokwisha, na baada ya hapo akasikia kifuniko kikifunguliwa ili aweke filamu nyingine.

Akaanza kupanda mteremko. Hakulia njiani, kilio alikuwa amekimaliza asubuhi. Alipofika juu, lori lililowaleta wageni lilikuwa limezima moto barabarani, na wanaume watatu wenye kanzu safi, Kasiani akiwa wa mwisho na kofia mkononi, walikuwa wamesimama uani wakimsalimu Mzee Lazaro. Viti vilikuwa vimepangwa barazani. Hakuna aliyekuwa amekaa.

Mjomba Anselmi alikuwa mlangoni. Alimwona Letisia na kanga yake iliyolowa. Alitazama nyuma yake, chini bondeni, kwenye njia nzima mpaka kwenye kibanda. Alitazama kwa muda mrefu, mpaka wageni nao wakageuka kuona anatazama nini, na hawakuona mtu.

"Karibuni mkae," mzee aliwaambia.